Sista Aliyetaka Jina Lake Liandikwe

Wiki mbili zilizopita nilikuwa jikoni kwangu Mamboleo nikichambua mchele, redio ikisoma matangazo ya vifo, niliposikia jina lake. Mtangazaji alimtaja kuwa mke wa marehemu fulani, mama wa watoto sita, dada wa hawa na shangazi wa wale, na kwamba mazishi yangekuwa Jumamosi nyumbani Pap Onditi. Hakusema alikuwa nesi. Hakusema kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini aliwaosha, aliwalisha na kuwageuza vitandani wazee wasio na wa kuwageuza, wala kwamba mwishowe alikalia kiti cha mwenyekiti ambacho nesi hakuwahi kukikaribia. Nilingoja nikidhani labda sentensi hiyo inakuja. Tangazo likaisha, likaanza la mtu mwingine. Mke wangu angekuwa hai ningemwita aje tusikilize pamoja. Nilizima redio, nikarudi kwenye mchele wangu, kikombe kimoja, wa mtu mmoja.

Mnajua safu hii haitaji watu majina, na leo desturi hiyo inanikera kwa sababu mtakayoiona. Nilimfahamu katika miaka ya themanini, nilipokuwa katibu wa kamati iliyosimamia makao ya wazee hapa mjini. Tulikuwa watu wanane wenye heshima zetu, walimu wastaafu, wafanyabiashara, na mchungaji mmoja. Tulikutana alasiri mara moja kwa mwezi, tukanywa chai, tukaamua wazee wale nini, walale saa ngapi, nani apokewe na nani aondoke. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumvua mzee soksi. Manesi walibaki nje ya mlango. Wakiwa na neno walitakiwa kuliandika katika ripoti, na ripoti zilikuja kwangu, nami nilizitoboa vizuri na kuzifunga kwa uzi ndani ya faili. Sista, kama sote tulivyomwita, aliandika nyingi kuliko wenzake wote. Nilipenda kumtania kwamba akistaafu atafungua duka la karatasi, na hata siku moja hakucheka.

Kati ya maamuzi yetu lilikuwapo moja tulilojivunia: mzee akizidiwa na ugonjwa, arudishwe kwao. Wengi wetu ni Wajaluo, na kwetu mtu kufia mbali na dala, yaani boma lake mwenyewe, ni jambo la kusikitisha. Tuliona tunawapa wazee heshima. Kwa hiyo fomu ya kuwapokea ilikuwa na nafasi iliyoandikwa "Kwao", na mimi ndiye niliyeijaza. Siku moja akaletwa mzee wa Kiislamu, fundi wa magodoro, aliyezaliwa hapa hapa mjini, mama mtu wa bara na baba aliyekuja na biashara kutoka pwani kisha akatoweka. Nikamuuliza kwao ni wapi. "Kwetu ni hapa, bwana," akasema. Nikamwambia hapa ni mjini, na mjini si kwao mtu. Akafikiri kidogo, akasema marehemu mkewe alikuwa wa Kombewa. Sikupenda fomu zenye mapengo, basi nikaandika Kombewa.

Miaka minne baadaye mapafu yake, yaliyovuta vumbi la pamba maisha yote, yakachoka. Daktari akasema hana la kuongeza. Kamati ikaamua arudishwe kwao. Sista aliandika ripoti ya kupinga, nami nikaifunga na zile nyingine. Tukaondoka asubuhi kwa pikapu ya makao, mimi mbele na dereva, faili mapajani, mzee nyuma juu ya godoro, Sista kando yake amemshikia mwavuli wa jua. Pale Kombewa tuliulizauliza sokoni karibu saa nzima kabla ya kuonyeshwa boma la shemeji yake. Akatoka mama mmoja akipangusa mikono.

"Karibuni," alisema, akamtazama mgonjwa. "Lakini huyu mzee hapa si kwake. Dada ya bwana yangu alikufa kitambo, hata mimi nikiolewa sikumpata."

Tukabaki tumesimama. Mimi nilikuwa nafungua faili, sijui nikitafuta nini, mzee alipojiinua kwa kiwiko. "Samahani, mama, tumekusumbua," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Hawa ni wageni wangu, wamepotea njia." Mama yule akatuletea maji, mzee akanywa akashukuru, tukageuza gari. Njiani Sista akagonga kioo cha nyuma, akauliza kwa sauti, "Nani aliandika Kombewa?" Dereva alitazama barabara. Mimi nilijifanya sikusikia.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikutana, na suala la kwanza lilikuwa fundi yule yule. Mjumbe mmoja alikuwa amesikia kwamba mama wa mzee huyo alikuwa na jamaa upande wa Mumias, basi apelekwe huko. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Sista na aproni yake imelowa maji ya kuogeshea, akavuta kiti cha mjumbe ambaye hakufika, akaketi.

"Sista, ukiwa na maneno tuandikie ripoti," mwenyekiti alisema bila kupandisha sauti.

"Mzee, ripoti nimeandika mingi. Leo nimekuja kukaa."

"Hii ni kamati."

"Najua. Mnasema mzee aende Mumias. Nani hapa amekaa na yeye? Kitanda yake anajua. Choo anajua. Mimi nikikohoa tu kwa mlango, anajua ni mimi. Sasa kwao ni gani tena? Mkimtoa, atakufa kwa barabara, na mimi ndio nitakuwa nimemshika." Kisha akanigeukia. "Bwana Katibu, umeandika mimi?"

"Nimeandika nesi," nikamjibu.

"Nesi ni kazi. Andika jina yangu hapo kwa wenye wamekuja, ndio ijulikane nani alisema."

Nilimtazama mwenyekiti. Akatikisa kichwa kidogo sana, hivi tu. Nami, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikaifunga kalamu yangu kifuniko. Hata lile neno nesi nililikata baadaye nilipokuwa naandika kumbukumbu kwa usafi. Ukizisoma leo utaona tu kwamba suala la fundi liliahirishwa hadi kikao kijacho. Aliyesababisha liahirishwe hayumo. Kabla ya kikao hicho mzee alifariki kitandani mwake, mkono wake mkononi mwa Sista, na Waislamu wenzake wakaja wakamwosha, wakamswalia na kumzika siku hiyo hiyo hapa mjini. Hakuna kati yao aliyeuliza habari za Kombewa.

Wapo watakaosema nilikuwa katibu tu, nikifuata amri. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia. Sista hakungoja mimi nibadilike. Siku zake za mapumziko alizunguka kwa manesi waliotunza wazee katika makao mengine na katika wodi, wakakubaliana juu ya ombi moja: popote mambo ya wazee yanapoamuliwa, mmoja wa wanaowatunza awe na kiti na kura. Walipeleka ombi hilo ofisi hadi ofisi, wakaambiwa njoo kesho mpaka viatu vikaisha soli. Ilichukua miaka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mwenyekiti wetu alistaafu, waliomfuata wakakubali, na Sista akaingia akiwa mjumbe, kisha akawa mwenyekiti. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta ile nafasi ya "Kwao". Badala yake aliweka swali, ungependa kuwa wapi na nani awe karibu nawe, na akaagiza liulizwe na nesi aliyeketi kando ya kitanda, si na karani. Wapo waliojibu Seme au Nyakach, wakapelekwa kwa furaha. Wengi walisema hapa.

Nilikuwa katibu wake kwa miaka mitano. Siku moja aliomba kitabu cha kumbukumbu za zamani, akakifungua mbele yangu, na nikaona kidole chake kikishuka polepole kwenye ukurasa wa Alhamisi ile. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akafunga kitabu. "Bwana Katibu," akasema, "mwandiko yako ni mzuri." Akauliza ajenda ya siku hiyo ni gani, nasi tukaanza kikao. Hakuligusa tena jambo hilo hadi anastaafu na kurudi Pap Onditi, wala mimi sikuligusa, ingawa tulikunywa chai pamoja mara nisizoweza kuhesabu. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda kumwona mvua zikiisha, halafu watu wakimaliza kuvuna, halafu goti likipoa.

Jumamosi ya mazishi nilikwenda. Niliombwa kusema machache kwa niaba ya waliofanya kazi naye, nikasema vizuri, watu wakapiga makofi, binti yake akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Kati ya mamia wale, mimi peke yangu nilijua nisichokisema, na mtu mwingine pekee aliyekijua alikuwa ndani ya sanduku. Sijawahi kuwa mpweke namna ile katikati ya watu.

Siku hizi mikutano ni mingi ya kuwapa manesi sauti, na ni vizuri. Ila sauti ya Sista haikuwa imepungukiwa na kitu. Tulimsikia sote, kila neno, tukaamua isionekane kwamba tumemsikia, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Msomaji wangu, kama kuna mtu kazini kwako uliyemfuta hivyo kwa sababu mkubwa alitikisa kichwa, mtafute wiki hii. Mwambie ulichofanya wakati bado ana nguvu za kukukasirikia.