Muhogo Ulioitwa Felista

Jirani yangu hapa Kasulu amevundika muhogo kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia na kuiacha nyuma ya ukuta wangu. Wapangaji wenzangu wanapita wameziba pua, na mmoja amekwisha kuja kuniuliza kama choo kimejaa. Nimemwambia aondoke na pua yake. Uchachu huo ambao watu wa mjini wanaukimbia, jamani, mimi unanikalisha chini. Nikiuvuta tu, niko kijijini kwetu Kumsenga, nimevaa gauni lililofumuka kwapani, nimechuchumaa kando ya kijito tulikokuwa tukilowekea muhogo, na bibi yangu ananiambia niache kuchezea maji ya watu.

Basi nisikilizeni niwaambie habari za bibi huyo, maana nisipozisema leo harufu itakwisha nami nitarudia kulalamikia kodi ya chumba.

Alikuwa anaitwa Felista. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mke mchanga, akatokea upande wa Mabamba na mumewe, mtoto mgongoni, huyo mtoto ndiye baba yangu, na kichwani mzigo wa vijiti vya muhogo vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Wenzake walikimbia na masufuria na magodoro, yeye vijiti. Babu alimcheka njia nzima. "Nimeoa mwanamke anayekimbia vita na kuni," alikuwa akisema, na alilisema hilo hadi uzeeni. Lakini mwaka uliofuata vijiti hivyo ndivyo vilivyowalisha, na kila aliyekuja kujenga kwenye mlima wetu mikono mitupu alielekezwa kwa Bibi. Ulikuwa muhogo mtamu, unaoliwa hata mbichi, na ugali wake ulivutika hadi mtu anamaliza mboga kabla hajashiba hamu.

Kutoa mbegu kwetu kulikuwa na adabu zake. Haiuzwi. Na ukishapewa husemi asante. Unajitwika mzigo wako, unageuka, unakwenda, wala hutazami nyuma. "Mbegu haishukuriwi," Bibi alikuwa akisema. "Ukiishukuru inadhani kazi imekwisha." Siku moja nilitumwa kwa jirani kuomba mbegu ya viazi, nami nikatoa asante ya shuleni, ile ndefu ya kupiga goti. Bibi aliposikia alinirudisha nikaifute. Hadi leo sijui asante inafutwaje, lakini nilikwenda nikaifuta, na yule jirani akakubali kwa uso mkavu kabisa.

Watu wakaacha kuuita muhogo, wakauita kwa jina la aliyewapa. "Mwaka huu umepanda nini?" "Felista." "Felista wako amekomaa?" "Bado, ila ukitaka majani ya sombe njoo uchume." Mimi nilikua nikiona ni jambo la kawaida bibi ya mtu kuwa shambani kwa kila mtu.

Nilipokuwa darasa la tatu, Felista akaanza kuugua. Juu alionekana mzima, majani yake yananawiri. Ukichimba unapata mzizi mnene, unafurahi, unaukata, na ndani kuna madoa makavu ya kahawia kama kutu ya jembe. Ukipika unabaki mgumu na mchungu. Nyumba baada ya nyumba zikawa zinatupa zaidi ya zinachokula, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba mlima umelogwa. Hapo ndipo mafunzo yalipoletwa. Mtaalamu aliyekuja alikuwa msichana mwembamba mwenye pikipiki na mabuti ya mvua yaliyomzidi miguu. Mwanamume wa kazi hiyo huitwa bwana shamba, basi huyu tukamwita Bibi Shamba, akaitikia bila kinyongo.

Mafunzo yalifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Sisi watoto, sitaki kuwadanganya, tulifuata soda na maandazi. Bibi yangu aliketi mbele kabisa kwenye mkeka, kitenge kipya kiunoni. Bibi Shamba akaomba kila nyumba iweke jiwe chini, mahali pake kama ilivyo mlimani, kisha akashika fimbo. "Haya mama zangu, tuambizane. Mbegu ya muhogo uliitoa wapi?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Sabina, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. "Kwa Bibi Felista." Bibi Shamba akachora mstari vumbini kutoka jiwe la Mama Sabina hadi jiwe letu. "Na wewe?" "Kwa Bibi Felista." "Mimi kwa Mama Sabina, lakini naye alipewa na Bibi Felista." Watu wakanogewa. Mzee mmoja akasimama kueleza alivyofika hapa na shati moja na njaa, mke wake akamvuta aketi, akagoma kuketi mpaka amalize. Kila mstari ulirudi kwenye jiwe letu. Bibi alikuwa anatabasamu huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya siku zote kwa ajili ya pengo lake la mbele.

Mimi nilielewa mara moja. Haya yalikuwa mashindano, na bibi yangu alikuwa anawaacha wote mbali! Sikungoja matokeo. Nilitimua mbio na andazi langu mkononi hadi nyumbani, alikokuwa mama na mdogo wangu mchanga, nikipiga kelele njia nzima, "Bibi ameshinda! Mistari yote imekuja kwa Bibi!"

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Mama Sabina nikiwa mtu mzima. Bibi Shamba alisema ugonjwa huu si uchawi. Unakaa ndani ya kijiti chenyewe, bila kuonekana. Inzi weupe wadogo huuhamisha kutoka mmea hadi mmea, lakini mwendo wake mrefu huufanya mikononi mwa watu, mtu anapompa mwenzake mbegu. "Kwa hiyo umepita hapa," akasema, akiifuatisha mistari kwa fimbo, "na hapa, na hapa." Masikini, hakujua kwamba mwenye jiwe lile alikuwa ameketi miguuni pake. Wala hakuna aliyegeuka kumtazama Bibi. Kila mtu alitazama vidole vyake mwenyewe. Dawa hakuna, akamalizia. Ni kung'oa na kuchoma, mlima mzima kwa pamoja, ndipo mvua zikianza iletwe mbegu safi. Likibaki shamba moja, inzi watarudisha ugonjwa kwa wote.

Bibi aliporudi nilimpokea na vigelegele. "Hongera Bibi!" Aliniwekea mkono kichwani. "Ego, mwana wanje," akasema, ndiyo, mwanangu, akaingia ndani akalala. Jua lilikuwa utosini. Bibi yangu hakuwa mtu wa kulala mchana isipokuwa kwa malaria, basi nikamwambia mama kwamba ushindi umempa Bibi homa.

Siku zikapita na hakuna aliyeng'oa hata mche mmoja. Bibi Shamba akarudi, akafundisha tena hadi sauti ikamkauka. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, jamani!" Watu wakasema kweli kabisa, wakampigia makofi, wakaenda zao wakapalilia Felista. Jioni alipita kwetu kumuaga mama jikoni, na nilimwona machozi yakimlengalenga. "Hivi watu wa huku mna nini, dada? Mnanikubalia, halafu hamfanyi." Mama alimmiminia uji na kumwongezea sukari. Angemwambia nini? Bibi alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta.

Hawakuwa wabishi wale watu. Walikuwa na heshima, na heshima yao ndiyo iliyokuwa inatuua. Utamng'oaje Felista wakati Felista mwenyewe anapita njiani asubuhi anakuamkia, "Mwakeye"? Kwetu, kutupa mbegu uliyopewa na mtu aliye hai ni kumwambia kuwa mkono wake ni mchafu. Mama yangu, ambaye alikuwa mkwe wake tu, alitoka na jembe kila kukicha akautazama muhogo, kisha akaenda kulima maharage. Mvua zilikuwa zinakaribia. Sisi tulikuwa tumeanza kula mara moja kwa siku, na nilikuwa nimeacha kuuliza kwa nini.

Alasiri moja Mama Sabina alikuja kuomba chumvi. Alikuta Bibi anamenya muhogo nami nikikusanya maganda, ingawa siku hizo maganda na muhogo vilikuwa vinakaribia kulingana. Wakazungumza habari za kwaya, za mbuzi wa fulani, za kila kitu kisichoota ardhini. Kisha Bibi akauliza, bila kuinua macho, "Watoto wanakula nini?"

"Tunachongachonga, mama. Tunatoa palipooza. Jana kila mtu alipata kipande."

"Kwa nini hujang'oa?"

Mama Sabina alizungusha chumvi yake kwenye karatasi. "Mama," akasema, "nang'oaje na wewe upo?"

Kisu kikasimama. "Kumbe mnangoja nife?"

"Yoo! Hapana, mama, Mungu apishe mbali!" Mama Sabina alikuwa amekwisha kupiga magoti, chumvi imemwagika. Bibi akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaogopa sana kwa sababu sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Babu. "Mimi nilidhani mmeninyamazia kwa hasira," alikuwa akisema. "Nilidhani mnanihesabia njaa ya watoto wenu." Wakashikana pale chini kwenye maganda, wakalia wote wawili, nami nikalia ili nisibaki peke yangu.

Kesho yake alfajiri Bibi alibeba jembe begani. Mama akataka kumfuata shambani kwetu, lakini Bibi akakata kushoto, akavuka kijito, akaenda kwa Mama Sabina. Nilimfuata. Alisimama katikati ya shamba, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akavuta hadi ardhi ikaachia. Alilikung'uta udongo taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati. Kisha akaliambia, kwa sauti ya kusikika kabisa, "Urakoze."

Asante! Bibi yangu, aliyenirudisha nikafute asante ya mbegu ya viazi, anaishukuru mbegu waziwazi. Nilitaka kumkumbusha, lakini uso wake haukuwa wa kukumbushwa. Alimkabidhi Mama Sabina lile shina, akaenda nyumba ya pili. Huko nako shina moja, urakoze, akamkabidhi mwenye shamba. Hakuruka hata nyumba moja. Nyuma yake watu walikuwa wanang'oa yaliyobaki kwa vikundi, kama siku ya kulimiana, na jioni mlima mzima ulikuwa unatoa moshi. Shamba letu lilikuwa la mwisho. Nilikuwa na hakika ameficha kijiti kimoja mahali, nikapekua hadi chini ya kitanda chake, nikaambulia viatu vya kanisani.

Tulipita kipindi kigumu kwa maharage na mahindi ya kuomba. Mvua zilipoanza, Bibi Shamba alileta mbegu safi, akatufundisha kukata pingili, kulaza kijiti, kukagua majani na kumwambia jirani mapema ukiona dalili. Mafunzo yale watu waliyashika, na sasa walikuwa wakiuliza maswali hadi jua linazama. Mbegu yenyewe ilikuwa na jina refu la kitaalamu lenye namba mwishoni. Hakuna aliyeliweza. Msimu uliofuata nikasikia watu wawili njiani.

"Umepanda nini?"

"Felista."

Bibi Shamba alijaribu kuwarekebisha. "Huyu si Felista, jamani, Felista tulimchoma!" Wakasema kweli kabisa, mwalimu, wakaendelea. Bibi alikuwa anapalilia karibu na njia siku hiyo. Alijifanya hasikii, lakini alipalilia tuta lile lile mara mbili.

Kwa miaka mingi niliona aibu nikikumbuka nilivyokimbia na andazi langu kutangaza ushindi siku ambayo bibi yangu alivunjika moyo. Siku hizi sioni aibu sana. Mtoto yule alikosea mahali pa kushangilia tu. Angengoja hadi asubuhi ile ya jembe. Na ile asante iliyonishangaza, nimeielewa nikiwa nimekwisha kumzika mwenyewe: alikuwa anaiaga kazi iliyokwisha, aliyoibeba kichwani tangu ng'ambo ya mpaka, na hakumwachia mtu mwingine aiage kwa niaba yake.

Jana harufu ya ndoo ilinitoa nyumbani hadi sokoni. Nikamkuta kijana anauza muhogo, na kando ya fungu lake kuna mzigo wa vijiti. Nikamuuliza ni muhogo gani.

"Felista, dada. Huu hauozi."

"Felista ni nani?"

Akawaza. "Sijui. Labda ni yule mtaalamu aliyeuleta."

Nikamwambia ndiyo, ndiye. Nikachagua muhogo wangu, nikamwomba na kijiti cha kupanda nyuma ya nyumba, akanipa kimoja kizuri, akakataa kukiuza. Nikakipokea, nikageuka, nikaondoka bila kusema neno. Kijana wa watu, lazima alidhani sina adabu.