Kushoto kwa Ng'ombe

Naanza na hili kabla hasira haijanipanda: mtoto wa shangazi yangu hakumuua yule ng'ombe.

Shangazi ndiye aliyenilea, huko kwake Olmotonyi, kwenye migomba. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba nzima ilimtegemea huyo. Simu aliinunua Lemara, muuzaji akamuunga bando la kuchati tu. "Mama, intaneti yote imo humu." Shangazi akaamini. Kwake yeye, kuingia mtandaoni ni kufungua group la kwaya. Mimi ni fundi simu, nimejifunza mwenyewe kwa kuharibu za watu, na bado nilikuwa natumia bando hilo hilo. Ndilo la watu wa hali yetu.

Sasa, asubuhi moja ya mvua ng'ombe akala majani ya maharage yamelowa chapachapa. Haukupita muda tumbo likajaa gesi, likakaza kama ngoma, ulimi nje. Tukamnywesha mafuta ya kula, wapi. Daktari wa mifugo tukampigia, akasema yuko Elerai, anakuja.

"Huyo akifika atakuta mzoga," mtoto wa shangazi akasema.

Nikaandika kwenye group la wafugaji. Jamaa mmoja akajibu chapchap: "Mtoboeni kushoto gesi itoke. Picha na maelezo haya hapa," akaweka linki. Nikabonyeza. Ikaja sentensi kavu: bando lako haliruhusu huduma hii. Nikabonyeza tena na tena kama chizi.

"Kushoto kwangu au kwa ng'ombe?" ndugu yangu akaniuliza.

"Sijui. Uliza kwenye group kwa simu ya mama, mimi nakimbilia vocha."

Akauliza. Kuna mmoja akamjibu: "Kushoto ni kushoto, kaka. Shule ulienda kula uji?" Wengine wakarusha vikatuni vya kucheka. Aliyeweka linki alikuwa ameshatoka hewani.

Duka liko chini, ng'ambo ya mfereji. Niliunga bando kamili nikiwa palepale kaunta, na ukurasa ukafunguka hapo hapo, wala haukusumbua. Ng'ombe amechorwa kwa nyuma, mshale umewekwa, na chini wameandika: simama nyuma ya mkia, kushoto kwako ndiko kushoto kwake. Nikapiga simu ya shangazi. Haipokelewi. Nikapiga huku napandisha mlima nakimbia.

Nilimkuta ng'ombe yuko chini, shangazi amemshika kichwa. Ndugu yangu alikuwa ameshamtoboa kwa kisu: alisimama mbele, wakatazamana na ng'ombe uso kwa uso, akatoboa ule upande uliokuwa kwenye mkono wake wa kushoto.

Daktari alipokuja ng'ombe ameshakufa, akaangalia tu tundu. "Huku ni utumbo, vijana. Gesi iko upande wa pili."

Jirani mmoja akacheka, "Dogo katuchinjia kibudu." Nikamkwida shati. Walituachanisha watu. Mtu hamcheki ndugu yangu mbele yangu, siku kama ile ndiyo kabisa.

Kuna watu nikiwasimulia wananiambia mngenunua bando kamili mapema. Sawa. Ila mfereji wetu huku una zamu, na zamu yako ikifika maji ni yako. Mwagilia kahawa, mwagilia migomba, fua nguo, hakuna anayekusimamia akikwambia haya ni ya migomba tu. Angetokea wa hivyo, wazee wangemfukuza na jembe. Lakini kampuni ya simu inakaa huko mjini inachagua: kicheko cha group kipite, maelezo ya tiba yabaki mlangoni. Na sisi tunashukuru kwa bei nafuu.

Tulimzika ng'ombe nyuma ya banda. Shangazi hakulia. Aliishika simu yangu, akaitazama ile picha sana.

"Kwa hiyo haya maneno yalikuwepo muda wote, ila kwangu wakayafungia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi kamwambie mwenzako. Tangu mchana hajala, anadhani ni yeye."

Nikamfuata bandani. Nikamwambia yote, nikamwonyesha na mshale. Akasema, "Kisu nilishika mimi." Nimemrudia mara nyingi baada ya hapo, mpaka tumegombana. Jibu lake ni hilo hilo, na banda amekataa kuliingia tena.