Swichi Chini ya Kiti Changu

Fundi wa umeme wa magari pale Mutomo aliniuliza swali moja kabla ya kukata waya.

"Unataka ikatae kuwaka kabisa," akasema, plaia mkononi, "ama iwake, iende kidogo, halafu imzimikie mwizi kwa barabara?"

"Imzimikie," nikajibu. "Watu wamwone."

Nilikuwa mtu wa hivyo. Kumzuia mwizi hakukunitosha, nilitaka aaibike. Fundi akafungua plastiki chini ya usukani, akatafuta waya unaotoka kwenye ufunguo kwenda pampu ya petroli, akaukata, akaupitishia swichi ndogo aliyoificha chini ya zulia la kiti cha dereva. Usipoibonyeza kila unapoanza safari, gari linawaka vizuri, linakwenda kwa petroli iliyobaki kwenye mpira wa kwenda injini, kisha linakufa.

Sikumwambia mtu ilipo. Mke wangu nilimwona hana kufuli mdomoni, na ndugu yangu mdogo alikuwa na tabia ya kuchukua gari langu kwanza na kuomba baadaye. Wao na soko zima niliwapa hadithi nyingine: kwamba nimekwenda kwa mganga, na atakayeliendesha bila ruhusa yangu atanasa. Mimi, mzee wa kanisa! Lakini nawajua watu wetu. Jumapili tunaimba hadi koo zikauke, Jumatatu ukitaja mganga wa Kitui kila mtu anarudi hatua mbili nyuma. Vijana walianza kulizunguka gari langu kwa mbali, nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Siku ile nilipanda lori la rafiki yangu kwenda Kibwezi kununua vitunguu. Mke wangu alikuwa bado na mwezi mzima kabla ya kujifungua. Saa nne asubuhi simu ikalia, nikaona ni ndugu yangu. Nikajua ni gari tena. Akapiga mara ya pili, mara ya tatu. Nikaizima na kuendelea kuteta na mwenye vitunguu.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, kutoka kwa watu waliokuwa pale na hawakufanya kitu.

Mke wangu alishikwa na uchungu ghafla, damu ikaanza kutoka. Ndugu yangu aliogopa kuchukua ufunguo. Mke wangu ndiye aliyemwambia, "Washa. Yesu ni mkubwa kuliko hiyo dawa." Gari likawaka. Likafika mbele ya kinu cha kusaga unga, katikati ya soko, likazima. Ndugu yangu akazungusha ufunguo tena na tena.

Watu wakatoka madukani. "Amenaswa!" mmoja akasema, na basi. Wakasimama mbali, wengine wakipiga picha. Mke wangu alikuwa akipiga mayowe kiti cha nyuma, nao wakadhani ni dawa inafanya kazi. Ndugu yangu alipiga magoti mbele ya mwenye bodaboda.

"Pole, ndugu," yule akamwambia. "Mimi siwezi guza mtu ametoka kwa hiyo gari."

Aliyewasaidia ni mama mmoja muuza maji. Alishusha mitungi yake kutoka kwenye mkokoteni wa punda, maji ya kiangazi yakamwagika barabarani, akamlaza mke wangu pale na kumpiga punda mbio. Hospitali ilikuwa mbali. Mtoto alizaliwa njiani, msichana, na hakulia.

Jioni nilirudi na magunia yangu ya vitunguu. Mke wangu alitoka hospitalini siku ya tatu, na jambo la kwanza aliloniambia ni, "Nionyeshe." Fundi alikuwa amekwenda kumwona wodini, akamweleza habari ya swichi. Nikainua zulia. Aliitazama ile swichi, ndogo kama kifungo cha shati, akaibonyeza, akaniambia niwashe. Injini ikanguruma bila shida yoyote, wala haikuzima.

Nilitaka fundi aiondoe kesho yake. Mke wangu alikataa. "Iache," alisema. "Wezi bado wako."

Hajanitukana hata siku moja. Ningefurahi kama angenitukana. Kila Jumapili tukienda kanisani anaketi kando yangu na Biblia mapajani, anainama, ananyoosha mkono chini ya kiti changu, anabonyeza. Kisha ananiambia, "Haya. Sasa itafika."