Wembe wa Upande Mmoja

Kutoka Moyale hadi Ruiru nilisafiri na lori la maharagwe. Simu ya binti wa ndugu yangu mkubwa ilinipata sokoni, nimetandaza vipuri vya pikipiki juu ya turubai. Aliniambia baba yake ameanguka kazini akiwa amebeba sinia, na upande wake wote wa kulia umelala. "Anko, hata kijiko hawezi kushika," alisema. Nilimwachia jirani vipuri, nikatafuta dereva niliyemjua.

Marsabit tuliipita kwa ukungu, Laisamis kwa joto lililofanya dereva avue shati. Isiolo tukalala. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilichukua maji ya chupa na kipande cha sabuni, nikanyoa ndevu nikijitazama katika kioo cha pembeni cha lori.

"Wewe unaenda kuona mgonjwa ama unaenda kuoa?" dereva aliuliza.

"Naenda kwa mtu ambaye hajawahi kuniona na ndevu."

Haukuwa utani. Ndugu yangu alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja huko Thika, karibu na maporomoko ya Chania, tangu ujana wake. Aliamini kwamba mtu mwenye ndevu za jana hafai kumletea mwenzake chakula. Baba yetu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha kunyoa, nikiwa kidato cha pili. Alisimama nyuma yangu mbele ya kioo, bila kunigusa, akiniambia fanya hivi, sasa hivi. Hatukuwa watu wa kushikana.

Mashine yangu ya kunyolea ilikuwa ile ya chuma ya pande mbili. Unazungusha mpini, kichwa kinafunguka, unalaza wembe wa kawaida wa kiosk, unafunga. Makali huku, makali huku. Nilikuwa nimezunguka nayo Voi, Kitale, Lodwar, na kila nilipohama ilikuwa kitu cha kwanza kuingia begi.

Nilimkuta Ruiru, katika vyumba vyake viwili vilivyotazamana na mibuni michache ambayo bado haijang'olewa kupisha magorofa. Alikuwa ameketi mlangoni. Ndevu zilikuwa zimemjaa, nyeupe, na midomo imeenda upande.

"Haiya, mtu wa Moyale," alisema, maneno yakijikwaa. "Umeleta maharagwe ama umeleta vumbi?"

Kabla sijamjibu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nitolee hizi vitu kwa uso."

Nilielewa baadaye kwa nini alikuwa amenisubiri. Mke wake alifariki zamani. Binti yake ameolewa Thika na alitaka kumchukua siku ile ile aliyotoka hospitali. Ndugu yangu alikataa. Kwetu binti hamshiki baba yake kidevu, na mkwe ndio kabisa. Mkwe hata kukuona bila shati ni aibu ambayo haiishi. "Nitakaaje kwa mkwe wangu nikishikwa uso kama mtoto?" aliuliza. Kinyozi wa mtaa alikuwa na mashine ya umeme iliyomwachia vipele shingo nzima. Zile nyembe za plastiki za kutupa zilikuwa mbaya zaidi, zinavuta nywele kisha zinazikata ndani ya ngozi. Alihitaji ndugu wa tumbo moja.

Basi kila asubuhi nilichemsha maji, nikamfunga taulo shingoni, nikapaka povu. Yeye aligeuza yote kuwa kazi ya hoteli. Shavu la kushoto, lililo zima, aliliita meza ya dirishani. La kulia, ambalo halikuwa linasikia chochote, lilikuwa meza ya nyuma.

"Meza ya dirishani iko aje?"

"Safi, mkubwa."

"Na ya nyuma? Hao wageni hawalalamiki lakini usiwaache na uchafu."

Nilikuwa nikishika taya lake kwa vidole viwili na kuligeuza kwenye mwanga. Ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Mtu niliyekuwa nimempa mkono tu maisha yangu yote sasa alifumba macho chini ya kiganja changu, na mara nyingine alisinzia.

Mimi ni mtu ambaye miguu huanza kuwasha nikikaa mahali mpaka mwenye duka anizoee. Ruiru haikuwasha. Mama wa kiosk alianza kunipa nyembe kabla sijafungua mdomo, na sikutaka kukimbia. Nilianza kujua siku ambazo maji ya mfereji huja, na jirani gani hukopa sufuria. Nilinunua ndala zangu mwenyewe, nikaziacha mlangoni kando ya zake.

Lakini yeye alikuwa anafanya mazoezi. Alijifunza kuoga akiwa ameketi kwenye stuli. Alijifunza vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akianza na cha chini. Wajukuu wake walimpigia simu na kumwuliza atakuja lini, naye alijibu, "Nikimaliza kitu kimoja." Kitu hicho kilikuwa ndevu. Tulikijua sote wawili.

Siku moja akaomba mashine yangu. Nilimshikia kioo. Shida ya ile ya pande mbili ni kwamba haikuambii pembe yake. Ni kifundo cha mkono kinachojua, na kifundo chake cha kushoto hakikuwa kimewahi kufanya kazi hiyo. Ukiinua mpini kidogo haikati kitu, ukiushusha kidogo inachimba. Na wakati unafikiria makali ya mbele, yale ya nyuma yanakungoja. Meza ya dirishani aliimaliza kwa taabu. Ya nyuma alijikata, na kwa kuwa hakusikia, akaendelea. Aligundua alipoona kola ya shati.

"Nani amemwaga sosi?" alisema.

Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Aliweka mashine kwenye beseni taratibu.

Kesho yake, nikiwa namnyoa, akafumbua macho. "Kuna ile ya mgeni," alisema. "Angalia kopo la vifungo, chini ya kitanda."

Ilikuwa mashine nzito ya rangi ya shaba iliyofifia, na kichwa kipana kilichoinama mbele kama jembe dogo. Makali yake ni ya upande mmoja tu. Mgeni mmoja wa hoteli aliisahau chumbani miaka mingi iliyopita, hakuna aliyerudi kuiulizia, na meneja akampa ndugu yangu. Aliitumia wakati nyembe zake zilipatikana katika duka moja la dawa Thika. Zilipotoweka, akahamia za kiosk kama watu wote. Wembe wake si ule mwembamba. Ni mnene, na mgongo wake umekunjiwa bati ili ukae imara. Nilijaribu kuvunja wembe wa kawaida katikati nikaingiza nusu. Ulicheza kama jino la mtoto.

Nikaenda Githurai kutafuta. Mwenye hardware alichukua mashine, akaigeuza, akacheka. "Mzee, hii ni ya kukwangua nini?" Lakini alikuwa na nyembe zinazofanana, zile mafundi wanatumia kukwangua rangi kwenye vioo. Ziliingia vizuri kabisa. Nilirudi mbio na nikajaribu usoni mwangu kwanza. Shavu langu liliwaka kama limepigwa msasa, na machozi yakanitoka.

Ndugu yangu alicheka mpaka mate yakamtiririka. "Umekwangua dirisha!" alisema. "Muru wa maitu, umekwangua dirisha!" Hivyo ndivyo alivyoniita tulipokuwa watoto, mwana wa mama yangu, na jina hilo sikuwa nimelisikia tangu mama afe.

Jumapili binti yake alipokuja nilimwonyesha mashine. "Anko, hii si inafaa kuwekwa museum!" Hata hivyo alitafuta kwa simu, akaagiza, na pakiti ikaletwa katika duka la kuchukulia mizigo pale stage ya Ruiru. Nilikwenda kuichukua mimi mwenyewe. Ilikuwa nyepesi sana mkononi, na nilitembea polepole kurudi.

Nikiulizwa ipi ni bora, kwangu mimi bado ni ile ya pande mbili. Ni nyepesi, wembe wake unapatikana hata Laisamis, na unafika chini ya pua bila matatizo. Ya upande mmoja ni nzito na ina kichwa kikubwa, na nyembe zake ni za kuagiza ng'ambo. Lakini kile kichwa unakilaza bapa juu ya shavu, na pembe inajitafuta yenyewe. Mkono mjinga unaweza. Kidole gumba kikikaa mgongoni, unajua makali yako wapi bila kutazama. Na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Inalia. Ule wembe mnene ukipita kwenye ndevu unatoa mkwaruzo unaosikika mpaka mlangoni. Palipobaki nywele unakwaruza, palipo safi unanyamaza.

Ndugu yangu alipitisha mara moja kwenye shavu lililokufa, akasimama.

"Zima redio," alisema.

Niliizima. Akapitisha tena, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Shavu ambalo halikumwambia kitu kwa ngozi sasa lilimwambia kwa sikio. Alifuata sauti kutoka sikioni hadi tayani, na ilipokwisha akainua mashine, akaisuuza, akarudi. Hakujikata. Mimi nilishika kioo tu. Nilifurahi, kisha nikaanza kuhesabu siku nilizobakiza pale.

Jumapili iliyofuata binti yake alimkazia baba yake macho tangu mlangoni.

"Anko, ni wewe umemnyoa?"

"Sijamgusa."

Alipiga makofi, kisha akalia, kisha akaanza kupanga. Gari litakuja, nyumba irudishwe kwa mwenyewe, watoto walale chumba kimoja ili babu apate chake. Akanigeukia kwa upendo wa kweli. "Na wewe Anko sasa uko huru. Najua tulikufunga hapa, na wewe ni mtu wa barabara."

Nilisema, "Ni kweli." Ndugu yangu alinitazama kidogo, halafu akatazama mibuni.

Siku ya kuhama, vitanda vilikuwa tayari kwenye pikapu na begi langu liko mlangoni. Zilibaki redio yake ndogo ya betri, beseni na kioo. Nilichemsha maji.

"Leo nikunyoe," nilimwambia. "Ya mwisho."

Alikunja uso. "Kwani umeona nimeacha mahali?"

"Hapana, mkubwa."

"Basi."

Nilitoka, nikasimama nje nikimsikiliza kupitia mlango. Mkwaruzo, kimya, maji. Mkwaruzo, kimya, maji. Alichukua muda wake. Alipotoka, povu kidogo lilikuwa limebaki chini ya sikio la kulia. Mkono wangu uliinuka wenyewe, lakini alikuwa ameshaona macho yangu yalipotua, akajipangusa kwa kiganja cha kushoto.

"Meza zote?" aliuliza.

"Zote safi."

"Huko unakoenda usikae na ndevu."

Nilichukua begi, ndala zangu nikaziacha palepale. Nilipofika kwa geti nilisikia amewasha redio.