Kaka Yangu Alinimulika Nikagonga Mtu, Kisha Akaniombea Msamaha

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu. Huku Bariadi tunajuana mpaka kwa mlio wa gari.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu. Ni dereva. Mwaka wa tisa huu nafuata samaki Lamadi kwa pikapu yangu kuukuu, nawauza sokoni Bariadi. Nawaandikia wote, lakini hasa nyie wenye magari mapya yenye taa nyeupe zinazochoma macho kama moto wa kuchomelea vyuma. Mnanitia kinyaa. Samahani, lakini sina neno jingine.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Mwanza. Baba alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye kichwa cha familia, na mama hasikii wala haoni kwake. Mwaka huu alikuja nyumbani na gari jipya refu kama ng'ombe dume. Akatuzungusha kulionyesha. "Hili linafikiri lenyewe," alisema. "Mtu akiwa pembeni linakuonya. Ukihama mstari linarudisha usukani. Likikutana na gari, linapunguza taa lenyewe, wewe umekaa tu." Nikamuuliza, "Na likikosea?" Akacheka. "Dada, endelea na mkweche wako."

Miezi miwili iliyopita nilitoka Lamadi na samaki saa kumi na moja alfajiri, bado giza. Mbele yangu likatokea gari na taa zote zimewaka. Nikalipepesea taa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Halikupunguza. Likanikaribia mpaka sikuuona tena mstari, sikuona lami, sikuona hata boneti yangu. Nikakanyaga breki na kubana kushoto. Nikasikia kishindo. Lile gari likapita kwa kasi, halikusimama.

Niliposhuka nilikuta baiskeli imejikunja, madumu ya maziwa yamepasuka, na mzee mmoja anagumia kwa maumivu kwenye nyasi. Nitamwita Baba Kulwa, si jina lake. Paja lilikuwa limevunjika. Nilimpakia kwenye pikapu juu ya samaki nikilia, nikamkimbiza hospitali. Mpaka leo anatembelea magongo, na ng'ombe zake anakamua jirani.

Polisi nilijieleza kwamba nilimulikwa. Askari hata hakuinua kichwa. "Kila anayegonga anasema alimulikwa. Namba ya gari?" Ningeiona wapi? Leseni yangu ikabaki kwao.

Kaka aliposikia alikuja kutoka Mwanza. Nilifarijika, nikasema ndugu ni ndugu. Tukaenda naye na mama kwa Baba Kulwa kuomba msamaha. Kaka akasimama mbele ya wazee na majirani, akasema, "Ndugu zangu, msameheni dada yangu. Wanawake barabarani mnawajua, wakiona taa wanafumba macho." Watu wakacheka. Niliinamisha kichwa, na nikamshukuru. Jamani, nilimshukuru!

Wiki tatu baadaye wifi yangu, mke wa kaka, alinipigia simu analia. Akasema hapati usingizi. Kumbe gari lile lina kamera mbele na nyuma, linarekodi safari nzima pamoja na sauti. Alfajiri ile wao walikuwa wanarudi Mwanza kutoka kwa wazazi wake, mimi sikujua. Akanitumia video.

Niliitazama nimekaa chooni ili watoto wasinione. Mbele naiona pikapu yangu inapepesa taa, inaomba. Sauti ya wifi inasema, "Punguza taa, unamuumiza mwenzio." Kaka anajibu, "Zitajipunguza zenyewe." Wifi anasema, "Mbona hazipungui? Tangu jana hazipungui." Kaka anacheka. "Basi na yeye anunue miwani." Gari linalia tii tii tii, linamwonya kuna mtu pembeni, naye analizima kengele, anasema linampigia kelele. Kisha kamera ya nyuma inaonyesha baiskeli inaruka. Wifi anapiga kelele, "Simama! Umeangusha mtu! Na ile si pikapu ya wifi?" Halafu unasikia redio inaongezwa sauti.

Alijua ni mimi. Alijua, akaongeza redio. Na akaja kuniombea msamaha.

Nilimpelekea mama video. Aliitazama mara mbili. Akanirudishia simu, akasema, "Futa."

"Mama, umeona lakini?"

"Nimeona. Huyo ndiye mwanaume aliyebaki katika mji huu wa marehemu baba yenu. Ukimpeleka polisi, hapa kwangu usikanyage."

Wifi naye ananisihi nisiitoe, maana kaka atajua imetoka kwake, na atapewa talaka akiwa na watoto wadogo. Kaka mwenyewe bado ananitumia ujumbe kwamba nikirudishiwa leseni atanifundisha kuendesha gari la kisasa. Nikiona jina lake kwenye simu mwili unanisisimka kama nimeshika kitu kilichooza.

Jana nilimpelekea Baba Kulwa uji. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akanikaribisha vizuri. Akasema, "Mwambie kaka yako Mungu ambariki. Ni muungwana sana yule." Nilitoka nje nikatapika nyuma ya zizi.

Jumatatu natakiwa polisi kutoa maelezo ya mwisho. Video sijaifuta. Nikiitoa, nimempoteza mama na nimevunja ndoa ya aliyenisaidia. Nikinyamaza, nitabaki mimi ndiye niliyefumba macho, na yule mzee ataendelea kumwombea baraka mtu aliyemvunja mguu. Msinitukane, nimechoka. Nipeni ushauri, ndugu zangu: ningekuwa dada yenu, mngeniambia nifanye nini?