Muhogo juu ya paneli

Ladha ya petroli haitoki kwa maji. Nilijaribu chumvi, nikajaribu ndimu, nikatafuna hata pilipili mbichi mpaka machozi yakatoka. Jioni nikipiga mbweu, petroli ilirudi kooni.

Mama anauza samaki hapa Kisangani. Anawanunua kwa watu wa pirogi, ile mitumbwi ya mto, wanaotoka Yanonge, anawaweka ndani ya jokofu nyumbani, halafu anawapeleka sokoni. Umeme wa avenyu yetu huja unapotaka, kwa hiyo jokofu lilitegemea jenereta, na jenereta ilinyweshwa kwa mdomo wangu. Bidoni, dumu la petroli, ilikuwa nzito, na mama hakutaka hata tone limwagike. Basi nilitia mpira ndani, nikavuta kwa pumzi, nikauhamishia upesi kwenye tangi la jenereta. Siku nilizochelewa, nilimeza. Nilianza kazi hiyo nilipomaliza shule ya msingi. Kanisani niliimba nimefunika mdomo.

"Huyu inanuka sawa pikipiki," mama alikuwa akiwaambia wageni, nao wakicheka. Mimi ni mtu wa haya, maneno hunifikia wakati watu wamekwisha kwenda.

Mwaka jana mama alinunua paneli mbili za jua na betri. Fundi alizifunga juu ya bati, akaunganisha nyaya, akaondoka. Taa ndogo ya betri ikawaka kijani. Jokofu likanguruma bila moshi, na jenereta tukaisukuma nyuma ya choo. Kwa miezi kadhaa nilikula chakula chenye ladha ya chakula.

Halafu dada yake mama, mama mkubwa wangu, alikuja kutoka Yanonge kutibiwa mguu. Hakuja mikono mitupu. Aliloweka muhogo ndani ya beseni nyuma ya jiko mpaka ukachacha, uwanja mzima ukanuka kama soksi ya mgonjwa. Muhogo kama huo kwetu huanikwa juu ya bati, mahali mbuzi hafiki. Mguu wake haukuruhusu kupanda, kwa hiyo nilipanda mimi. Yeye alisimama chini, akanielekeza kwa fimbo.

"Hapana kwa bati! Iko na kutu, muhogo itakuwa nyekundu, nani atanunua? Weka kwa ile kioo nyeusi. Iko laini, iko safi."

Mama alitoka jikoni, akamuuliza dada yake. "Yaya, haiwezi kuharibu?"

"Jua ya Mungu itamalizika sababu ya muhogo?"

Wakacheka wote wawili. Nikaupanga, kipande kwa kipande, mpaka weusi wa kioo ukapotea.

Siku ile ile mchana, jua likiwa kali, niliona taa ya betri ni nyekundu. Nilijua. Nilisimama mbele ya taa ile, nikajua kabisa, kisha nikaenda kufagia. Ningemwambiaje mama mkubwa? Siku ya pili ilikuwa nyekundu. Siku ya tatu haikuwaka tena.

Siku ya nne, akipanga samaki wa soko la kesho yake, mama aliinua mfuniko wa jokofu.

Harufu ile haikuja puani, ilikuja machoni. Samaki walikuwa wamelala ndani ya maji ya rangi ya waridi, macho meupe, matumbo yamepasuka, na mafuta yao yakielea juu kama mate. Inzi waliingia kabla mama hajafunga mdomo. Ulikuwa mzigo wake wote wa wiki.

Hakulia. Alijipangusa mikono kwa kitenge. "Bon. Jua imetushinda. Turudilie grupe. Leta bidoni na mupira."

Niliivuta jenereta kutoka nyuma ya choo, nikapiga magoti. Petroli ilikuwa imekaa muda mrefu, imekuwa kali kuliko zamani, na mpira ulikuwa na utelezi ndani. Niliuweka tu mdomoni, sikuvuta hata mara moja. Nikatapika juu ya miguu yangu.

"Ah!" alisema mama mkubwa kutoka kitini. "Binti amekuwa madamu sasa!"

"Mama," nikasema, "ni muhogo."

"Muhogo gani?"

"Ile ya juu. Inafunika jua, betri haipate kitu. Mimi njo niliiweka. Taa ilikuwa nyekundu tangu siku ile."

Mama alinitazama kama anavyotazama samaki aliyeletwa akiwa ameoza. "Siku tatu unajua? Ulikuwa unangoja nani aseme, samaki?"

"Donc, kumbe mimi njo nimeozesha samaki?" mama mkubwa akauliza. Mama alinionyesha juu ya bati kwa kidole.

Nilipanda. Mvua ndogo ya juzi ilikuwa imelainisha muhogo, ukashikana na kioo kama ngozi ya kidonda. Nilipoinua kipande cha kwanza, weupe uliokuwa chini yake ukaanza kutembea. Funza na unga vilikuwa rangi moja. Nilikwangua kwa kucha, nikamwaga maji na sabuni, nikakwangua tena, na ute ule ukateremka polepole juu ya bati mpaka mlangoni petu. Chini, mama mkubwa aliokota vipande, akavisuuza, akavianika juu ya mkeka, akakaa kando yake na fimbo ya kufukuza mbuzi. Alikusudia tuvile.

Alasiri taa ikawaka kijani. Mama alikuwa anafukia samaki, mbwa wa jirani wakimngoja aondoke. Alikuja, akaitazama taa, akairudisha bidoni chini ya meza mwenyewe.

"Kesho hatuna kitu cha kuuza," alisema. "Tutaenda soko mikono bule. Na ni weye utaambia wateja sababu. Kila mutu. Kwa mudomo yako."

Niliwaambia. Wa kwanza aliziba pua kabla sijamaliza habari ya samaki.