Fundi Cherehani Aagiza Chombo cha Angani

Fundi cherehani alifundishwa na mpwa wake mchezo wa mtandaoni wa anga za juu, na tangu hapo cherehani ikapumzika. Alianza na kachombo kabovu ka kuchimbia, akakwangua mawe yanayoelea angani, akajaza madini, akayayeyusha kituoni, kisha akayapeleka kiwandani atengenezewe chombo kikubwa. Kiwanda kikamjibu: subiri mpaka saa kumi jioni.

"Saa kumi!" Fundi alikuja juu. "Madini nimewapa, ramani nimewapa, wanangoja nini tena? Watu hawa hawana hata haya!"

Kwenye benchi, shangazi wa bibi harusi alikohoa. Alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, na harusi ni kesho.

"Na gauni langu, fundi?"

"Limebaki vifungo tu, dada. Ondoa shaka."

Shangazi alitupa jicho mezani. Kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa vilevile alivyokileta, na simu ya fundi imeegemezwa juu yake isianguke.

Ilipogonga saa kumi, simu ikalia: chombo tayari. Shangazi akasimama.

"Umeona wenzako? Wamesema saa kumi, na saa kumi wametoa!"

Fundi alikigeuzageuza chombo kwenye kioo cha simu, akakikagua mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndiyo maana siwaamini," alisema. "Fundi akimaliza kwa wakati, ujue kazi ameilipua."